Husuni Kubwa, ngome ya mfalme kule Kilwa

Wandugu wasomaji, katika vitabu vya historia twaona mara nyingi picha za ngome za Ulaya, zenye minara na kuta nene. Mwanafunzi huuliza: Na Afrika je? Jibu moja liko mashariki yetu. Toka Bukavu tuvuke ziwa Tanganyika, tushike njia mpaka pwani ya Tanzania, hata Kilwa Kisiwani. Si pageni kabisa: Kiswahili tunachofundishia katekisimu kilitoka pwani ile, kikaletwa huku katika karne ya 19 na misafara ya pembe na ya watumwa.

Mgeni hupanda mashua Kilwa Masoko. Akiisha kupita magofu ya mji na Msikiti Mkuu, hufuata njia ya miguu kati ya vichaka hata kufika penye mwamba juu ya bahari. Ndiyo Husuni Kubwa, jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman, la karne ya 14. Vyumba vyake vyapita 100. Lilijengwa kwa mawe ya baharini yaitwayo matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe yale yale yaliyochomwa kwa kuni. Liko birika la kuogea lenye pembe nane, na ngazi ya kushukia ufukweni.

Husuni kwa Kiarabu ni ngome. Lakini anayetafuta pa kupigania vita atachoka bure. Atazame upande wa kusini: ua mpana, umezungukwa na vyumba vya kuwekea mali. Mfalme huyu alikuwa mfanyabiashara. Dhahabu ya bara ilipitia Sofala ikafika kwake, na sarafu yake moja imeokotwa hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, asimulia ukarimu wake: maskini alimwomba nguo alizovaa, naye akaenda kuzivua, akampa.

Zamani wataalamu wengi walidhani miji hii ni kazi ya wageni. Uchimbaji umeonyesha kwamba Waswahili wenyewe ndio walioianzisha, wakipokea dini na ufundi fulani toka ng'ambo. Katekista akiulizwa darasani, aseme hivyo bila woga.

Karibu na bandari iko ngome nyingine, iitwayo Gereza. Wareno walijenga ngome Kilwa mwaka 1505. Waarabu wa Omani waliijenga upya baadaye. Na neno gereza, wandugu, latoka katika igreja, yaani kanisa kwa Kireno! Kule Mombasa kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya ngome, na ngome ile ile ikawa nyumba ya wafungwa toka 1895 hata 1958.