KOKI INAYOVUJA HULA MALI YA CHAMA

Katika majengo mengi ya vyama, koki ndogo ya kufungia maji iliyo chini ya sinki au kando ya tangi la choo haitazamwi mpaka siku inapovuja. Huwekwa kopo chini yake, kopo likamwagwa kila jioni, na jambo likaishia hapo. Lakini maji hayo yamekwisha kupita katika mita, na ankara yake hulipwa kwa fedha za wanachama.

Hasara yenyewe hupimika. Koki ikijaza kikombe cha robo lita kila dakika kumi, kwa siku moja hupotea lita 36, na kwa siku 30 lita 1,080, yaani zaidi ya uniti moja ya mita.

Maelezo haya yahusu koki zilizofungwa kwa nati na pete katika bomba la shaba nyekundu. Mabomba ya chuma yenye hesi yana utaratibu mwingine.

Kwanza koki ikaushwe kwa kitambaa, ili ionekane maji yanatokea wapi. Yakitokea penye shina la mkono wa koki, nati ndogo ya hapo ikazwe kidogo tu. Yakitokea penye bomba, zitumike spana mbili: moja ishike mwili wa koki, nyingine ikaze nati, isizidi robo ya mzunguko. Kukaza kwa nguvu kupita kiasi huiminya pete na bomba, na uvujaji huzidi.

Hilo lisipofaa, koki ibadilishwe kwa hatua hizi:

1. Koki kuu ya jengo ifungwe, na bomba la chini kabisa lifunguliwe ili maji yaliyosalia yatoke.

2. Nati ilegezwe na koki ivutwe. Pete ya zamani imekwisha kuuma bomba, nayo isitumiwe tena. Bomba likiwa refu, likatwe nyuma ya pete hiyo. Likiwa fupi, pete ikatwe kwa msumeno wa chuma pasipo kulijeruhi bomba.

3. Ncha ya bomba ilainishwe kwa tupa na kusafishwa.

4. Ivishwe nati mpya, kisha pete mpya, kisha bomba lisukumwe ndani ya koki mpaka lifike mwisho.

5. Nati ikazwe kwa mkono, halafu kwa spana. Kwa bomba la milimita 15, mzunguko mmoja kwa kawaida hutosha.

Wengi huzungushia hesi za nati hii tepu nyeupe. Tepu hiyo haizuii chochote, kwa kuwa kinachozuia maji ni pete inayobana bomba, wala si hesi.

Koki kuu ifunguliwe polepole, na kiungo kitazamwe tena kesho yake kwa karatasi kavu.

Makatibu wanakumbushwa mambo matatu. Kila mtumishi ajue ilipo koki kuu. Kila koki ifungwe na kufunguliwa angalau mara mbili kwa mwaka, maana isiyoguswa hukwama. Na stakabadhi ya ununuzi ihifadhiwe pamoja na koki ya zamani, ili kamati na mkaguzi waone kilichobadilishwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Vivyo hivyo, haba na haba hukimaliza.