Mpondwe: moyo huanza kazi kabla ya gunia

BWERA, Uganda. Gunia halijagusa bega, na moyo tayari unakwenda mbio.

Katika mpaka wa Mpondwe, jirani na mji wa Bwera, wachukuzi huketi wakisubiri mzigo wa kuvusha hadi Kasindi, ng'ambo ya mto Lhubiriha. Gari likitokea, wote husimama kwa pamoja. Malipo ni ya safari, si ya saa, na anayejivuta hukuta mzigo umeshapata bega.

Ubongo ukishaamua kuinua, huulegezea moyo breki, yaani mshipa wa fahamu unaoupunguzia kasi. Mapigo hupanda ndani ya sekunde moja au mbili, kabla misuli haijadai lolote. Adrenalini hufuata. Mishipa ya damu ya tumboni hubana, ile ya misuli inayofanya kazi hutanuka, na kwa kila hatua misuli ya shavu la mguu huikamua damu irudi juu. Moyo uliokuwa ukisukuma lita 5 hivi kwa dakika huweza kufika 15 na zaidi. Ila mwili huhitaji dakika mbili tatu kuzoea mwendo mpya. Ndiyo maana mchukuzi huhema sana mwanzoni, kisha pumzi humrudia njiani akiwa bado na mzigo uleule.

Hatari iko kwenye kuinua kwenyewe. Anayebana pumzi ili kunyanyua gunia la kilo 50 hupandisha presha ghafla, pengine kupita 200 kwa sekunde chache. Kijana mwenye afya huvumilia. Mwenye presha ya juu asiyejijua, na wengi hawajijui kwa kuwa ugonjwa huu hauumi, anacheza na mishipa ya ubongo na moyo wake.

Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, akiwamo R. James Barnard, waliwakimbiza ghafla wanaume 44 wenye afya. Kwa zaidi ya nusu yao, mchoro wa umeme wa moyo ulionyesha dalili za moyo kupungukiwa damu. Walipopasha mwili moto kwanza, dalili hizo zilipungua.

Wapagazi wa Rwenzori, upande wa Kasese, wamebahatika kwa hilo. Kutoka Nyakalengija njia hupita kwanza kwenye mashamba kando ya mto Mubuku, na ndipo hukaza kupanda kuelekea Nyabitaba, mita 2,650 hivi juu ya usawa wa bahari. Moyo hupata muda. Mpondwe hakuna shamba la kupitia, ingawa kutembea dakika tano kabla ya gari kufika hakugharimu kitu.

Ebola ilipoingia wilaya ya Kasese Juni 2019, wavukaji wa mpaka huu walipimwa joto la mwili. Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mizigo inavuka chini ya bendera moja zaidi. Mashine ya presha nayo huenea kwenye mkoba, na kipimo chake huchukua dakika moja hivi, mradi mchukuzi awe ameketi kwanza.