Tunda Nalo Hupumua

Bunagana ni mji mdogo wa mpakani, katika wilaya ya Rutshuru. Ng'ambo yake ni Uganda. Udongo wa huko umetokana na volkano, nao una rutuba nyingi. Watu hulima viazi, maharagwe, kabichi, ndizi na avoka. Akina mama huchuuza mavuno hayo sokoni, na mengine hupakiwa katika malori kwenda Goma.

Lakini njia ni ndefu, na mara nyingine vita huifunga. Tarehe 13 Juni 2022 mji ulitekwa na waasi wa M23, na maelfu ya watu wakakimbilia Uganda. Mavuno hayangoji amani. Yakisha kuchumwa, siku zake zinahesabika. Kikapu cha avoka kikioza njiani, mama hukosa fedha ya chumvi na ya masomo ya mtoto.

Je, kwa nini tunda huoza upesi? Tunda lililochumwa halijafa bado. Hupumua kama mtu: huvuta hewa, hutoa joto na maji. Likipoteza maji mengi hunyauka. Tena, ndizi au avoka ikiiva hutoa hewa iitwayo etilini, ambayo huivisha matunda ya jirani. Kisha, penye mchubuko huingia kuvu na vijidudu.

Wengine hufunga matunda katika mfuko wa plastiki. Humo jasho la tunda halina pa kutokea; hugeuka matone, na kuvu hustawi. Mfuko wenyewe hukaa ardhini miaka mingi bila kuoza. Huziba mifereji, na ng'ombe akiumeza aweza kufa. Kwa hiyo Rwanda ilikataza mifuko hiyo mwaka 2008, na serikali ya Kongo ikatoa amri kama hiyo mwaka 2017.

Wazee walitumia jani la mgomba. Jani hilo hukinga jua, huzuia matunda yasichubuke kikapuni, wala halizibi hewa yote. Kazi yake ikiisha, hutupwa shambani likawa mbolea.

Siku hizi wataalamu wameongeza njia nyingine: kulivika tunda ngozi ya pili, nyembamba sana. Ngozi hiyo hutengenezwa kwa nta ya nyuki, wanga wa muhogo au mafuta ya mimea. Hupunguza maji yatokayo na hewa iingiayo, na tunda hupumua polepole. Muhogo mbichi huharibika baada ya siku 2 au 3. Lakini huko Uganda mihogo iliyopakwa nta ilikaa majuma kadhaa. Huko Marekani kampuni ya Apeel, iliyoanzishwa mwaka 2012, ilitengeneza ngozi ya avoka kutokana na mafuta ya mimea.

Hata hivyo, ngozi hiyo isiwe nene. Tunda likikosa hewa huchacha na kunuka kama pombe. Wala ngozi haiponyi tunda lililochubuka. Mkulima mwenye busara huchuma kwa uangalifu, huchagua mazima, huyaweka kivulini, na ndizi mbivu huzitenga. Viazi huviweka gizani, kwa maana mwanga huvifanya kijani, na viazi vya kijani vina sumu.

Maswali
1. Tunda lililochumwa hupoteza nini?
2. Kwa nini jani la mgomba linafaa kuliko mfuko wa plastiki?
3. Ngozi ya nta ikiwa nene, tunda hupatwa na nini?