Chui wa Unguja na Simbamangu wa Miombo: Hesabu Iko Wapi?

Msafiri atokaye Lusu, wilayani Nzega, akashika njia ya kusini kupitia Tabora hadi bonde la Mto Ugalla, huyaacha mashamba nyuma yake na kuingia katika miombo ambayo warina asali huijua mti kwa mti. Sehemu ya bonde hilo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Katika nchi kavu za bara letu, za namna hii, ndimo aishimo simbamangu, paka wa rangi ya hudhurungi mwenye vishungi vyeusi kwenye ncha za masikio. Waturuki walimwita karakulak, yaani mwenye masikio meusi, na jina hilo ndilo walilolichukua wataalamu wa Ulaya. Mfugaji hujua kuwa yupo pale anapokuta manyoya ya kuku uani. Kumwona kwa macho ni bahati ya wachache.

Kumhesabu mnyama wa namna hiyo si kazi ya kupita na gari. Siku hizi hutegwa kamera mbili mbili kando ya vijia, na mnyama apitapo joto la mwili wake huifyatua kamera. Chui huhesabika vizuri kwa njia hii, kwa kuwa madoa yake ni kama alama za vidole vya binadamu, na ubavu wa kulia haufanani na wa kushoto. Simbamangu hana madoa. Picha ishirini zaweza kuwa za wanyama ishirini, au za dume mmoja mzururaji. Hapo ndipo maneno ya mrina asali na mchungaji yanapohitajika kuandikwa pamoja na picha, wala yasichukuliwe kuwa porojo za vilabuni.

Kwamba kuhesabu kwaleta faida, Hispania na Ureno ni ushahidi. Mwaka 2002 paka-mwitu wao wa jamii hiyo ya masikio yenye vishungi hawakufika 100. Waliwahesabu mwaka hata mwaka, wakazaliana vizuizini na kurudishwa porini, na ilipofika 2023 walikuwa wamepita 2,000.

Sasa tugeukie kwetu Visiwani, ambako habari ni chungu zaidi. Chui wa Unguja, mdogo kuliko wa bara na mwenye madoa madogo madogo, aliandikwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1932 na Mwingereza Pocock, akapewa jina la Dokta Aders, ambaye jina lake limo pia katika jina la kisayansi la paa nunga. Wanavijiji walimjua kwa namna yao. Ilisadikiwa kwamba chui wengine walikuwa na wenyewe, watu waliowafuga kwa siri na kuwatuma kuwadhuru majirani. Kwa imani hiyo, kumwua chui kulikuwa ni kumvua silaha mchawi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja kampeni ya mganga aliyeitwa Kitanzi, na chui wakasakwa pamoja na waliodhaniwa kuwatuma. Hata katika miaka ya 1980 wawindaji walikuwa bado wakiwaua.

Katika muda wote huo hakuna aliyewahesabu walio hai. Waliohesabiwa ni waliouawa. Kamera zilipotegwa Jozani mwaka 2003 zilimpiga picha kanu wa pekee wa Unguja, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1995 tu, lakini chui hakuonekana. Mwaka 2018 watu wa televisheni kutoka ng'ambo walionyesha picha ya usiku wakasema ndiye. Wataalamu hawakuridhika, nasi twaona walikuwa na haki: picha moja, iliyotafutwa kwa ajili ya kipindi, si hesabu.

Wako watakaouliza faida ya kumtafuta mnyama ambaye huenda hayupo. Wakumbuke kima punju. Alidhaniwa kuwa amebaki katika idadi ndogo, lakini alipohesabiwa kisiwa kizima, matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya makisio ya awali. Kumbe makisio yaliyotegemewa ofisini kwa miaka mingi yalikuwa mbali na ukweli.

Kwa hiyo wakuu wa misitu, wa Visiwani na wa Bara, hawana budi kuifanya kazi hii iwe ya kila mwaka, si ya mgeni apitaye. Jozani, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ina walinzi wake. Kiwengwa na Masingini pia ni misitu ya serikali. Walinzi hao wafundishwe kutega kamera na kusoma picha, nazo picha zibaki humu nchini. Mwanakijiji wa Kusini anayekuja kusema mbuzi wake kaliwa apokewe, jeraha likaguliwe siku hiyo hiyo, na nyayo zipimwe kabla mbwa hawajazikanyaga. Bara nako Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, yenye makao yake Arusha, ingefanya vyema kuanzia kwa warina asali wa Tabora, ambao hulala porini kwa majuma mazima msimu wa mavuno ya asali na kuona mengi ambayo hawajaulizwa.