GARI LA WAZI NA MSIMU WA MVUA: USIFUNIKE KILICHOLOWA

Leo hatutazungumza habari za mbegu wala za palizi. Tutazungumza habari za gari, na hasa lile gari la wazi juu linalofunikwa kwa turubai, kama Land Rover ya zamani au pikapu yoyote ya kazi.

Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba, mimi gari nitalitoa wapi?" Kweli, huenda huna la kwako peke yako. Lakini gari linalokuletea mbolea, linalopeleka viazi vyako mnadani, na usiku wa shida likamkimbiza mama mjamzito zahanati, hilo ni gari lako pia, hata kama ni la kikundi, la chama cha ushirika au la jirani. Likioza, hasara ni yenu wote. Kwa hiyo sikiliza vizuri.

Siku moja nilikwenda kutembelea kikundi cha wakulima huko milimani, mahali ambapo mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kikundi hicho kilinunua Land Rover kuukuu na kuitunza kwa bidii. Walishona turubai jipya, na kila jioni gari lilipotoka kazini walilifunika na kulikaza kamba pande zote, hata panya asipate pa kupenya. Msimu wa mvua ulipokwisha, dereva alikanyaga breki na kisigino chake kikatoboa sakafu. Chuma kilikuwa kimeliwa kikabaki ganda la rangi tu. Viti vilinuka uvundo, na nyaya za taa zilikuwa zimeota unga wa kijani. Fedha walizoweka kwa ajili ya mbegu zikaenda kwa fundi wa kuchomelea.

Mwenyekiti wao akaniuliza, "Bwana shamba, turubai letu ni jipya, na kila siku tunafunika. Maji yameingia wapi?"

Jibu nililompa ndilo somo letu la leo. Maji hayakuingia usiku. Yaliingia mchana, gari likiwa kazini, na kila jioni wao wenyewe waliyafungia ndani.

Jambo unalolijua tayari

Ewe mkulima, mahindi yenye unyevu huyatii kwenye gunia ukalishona. Unajua yataota ukungu, na ukungu wa mahindi unaweza kuleta sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwanza unaanika, ndipo unafunga. Gari nalo ni vivyo hivyo. Kinachoozesha gari si maji yaliyoingia tu. Ni maji yaliyoingia yakakosa pa kutokea.

Tazama mfuniko wa sufuria ya wali. Mvuke unapanda, unagusa mfuniko, unageuka matone na kudondoka tena ndani. Turubai lililokazwa juu ya gari lililolowa linafanya kazi hiyo hiyo. Jua la mchana linapasha maji yaliyo sakafuni, mvuke unapanda, na usiku ubaridi unaurudisha chini juu ya viti, nyaya na chuma. Hivyo gari linanyeshewa kila usiku, hata kama nje hakuna wingu.

Kipi kinaoza na kipi hakiozi

Wengine husema Land Rover ya zamani haiozi kwa sababu ni ya alumini. Hiyo ni nusu ya ukweli. Gari hilo lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili, ndiyo maana mabati mengi ya mwili wake yalifanywa kwa alumini. Lakini chesisi yake ni ya chuma. Ukuta wa mbele, uliobeba kioo na mahali pa kuwekea miguu, nao ni wa chuma. Tena pale alumini inapogusana na chuma pakiwa na maji, alumini yenyewe huliwa na kutoa unga mweupe. Ukiuona unga huo kwenye maungio na kwenye riveti, ujue maji yamekaa hapo siku nyingi. Na kama gari lenu ni pikapu yenye mwili wa chuma mtupu, basi kazi ya kulitunza ni kubwa zaidi.

Turubai

Turubai ni kinga ya kwanza, lakini lina masharti yake.

Kwanza, liwe na mteremko. Hakikisha matao ya chuma yanayolishikilia yako wima na hayakupinda. Turubai lililolegea hufanya bwawa katikati. Maji ya kina cha sentimita 5 juu ya eneo la mita 1 ya mraba ni lita 50, yaani kilo 50. Huo ni mfuko mzima wa mbolea unaoning'inia juu ya kichwa chako, ukivuta mishono hadi ipasuke.

Pili, kama ni turubai la pamba, lilowanishe likiwa jipya kisha liache likauke, kabla ya kulitegemea kwenye mvua. Nyuzi zake zikilowa huvimba na kuziba matundu ya sindano. Kwenye mishono paka nta ya nyuki, au sugua kwa mshumaa. Likichafuka, lisugue kwa brashi na maji matupu. Usitumie sabuni ya unga, maana inaondoa dawa ya kuzuia maji.

Tatu, turubai la pamba lisikunjwe likiwa bichi. Siku chache tu zatosha kuliotesha ukungu, na likishaota madoa meusi, nyuzi zinaanza kufa. Turubai la plastiki halivundi hivyo, lakini jua hulila upesi, na halipitishi hewa hata kidogo. Ukitumia la plastiki, kuacha nafasi ya hewa ni lazima.

Nne, angalia kamba. Kamba ya katani ikilowa hufupika na kukaza. Ukiikaza sana ikiwa kavu, mvua ikija itang'oa vitobo vya turubai. Iachie kidogo.

Tafuta njia za maji

Turubai zuri halitoshi kama maji yanapita mahali pengine. Kwenye Land Rover ya zamani, adui mkubwa ni mpira ulio chini ya kioo cha mbele, na mipira ya vile vibao viwili vya kuingiza hewa chini ya kioo. Hiyo ikikauka na kupasuka, maji hushuka moja kwa moja hadi miguuni pa dereva. Ndipo palipooza gari la wale ndugu zetu.

Kuijaribu ni rahisi. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kioo cha mbele kutoka juu, polepole. Mahali tone litakapoonekana, tia alama. Kwa vile vibao vya hewa, paka chaki kwenye ukingo wa chuma, funga, kisha fungua. Mpira ukiwa mzima utachukua mstari wa chaki usiokatika. Ukikatika, hapo ndipo maji yanapopita. Badilisha mpira. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na sakafu mpya.

Mpe maji mlango wa kutokea

Hata ufanyeje, gari la wazi litalowa. Mvua itakukuta njiani turubai likiwa limekunjwa. Ninyi mnaopima mvua mnajua kwamba milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi gari lenye eneo la wazi la mita 3 za mraba, likinyeshewa milimita 30, limepokea lita 90. Hizo ni ndoo 4 na nusu za lita 20. Zitakwenda wapi?

Kwa hiyo safisha matundu ya kutolea maji. Yapo chini ya milango na kwenye chesisi. Matope, mabua na punje za mahindi huyaziba. Chukua kijiti au waya, uyazibue kila juma wakati wa mvua. Ukiegesha, tafuta mwinuko kidogo, pua ya gari ielekee juu, na ufungue mlango wa nyuma ili maji yateremke na kutoka. Usisahau kuweka breki ya mkono na jiwe nyuma ya kila gurudumu la nyuma.

Mikeka ya sakafuni nayo ni mtego. Watu hutandika raba, magunia au vipande vya zulia wakidhani wanalinda sakafu. Maji yakiingia chini ya mkeka hayatoki. Mkeka uwe wa kutolewa, na kila jioni utolewe na kutundikwa. Gunia na zulia usitandike kabisa msimu wa mvua.

Viti vya Land Rover nyingi za zamani hunyanyuliwa kwa mkono bila spana. Kitu chenyewe ni sponji iliyofunikwa kwa ngozi ya plastiki. Juu panaonekana pakavu, kumbe ndani sponji imenywa maji. Ikandamize kwa kiganja. Ikitoa maji, kiti kitolewe na kisimamishwe mahali pa upepo. Usikiache garini, maana maji yake yanashukia kwenye sanduku lililo chini yake, ambamo kwenye magari mengine mna tangi la mafuta au betri.

Mbolea na chumvi

Hapa sisi wakulima tuna hatari ambayo watu wa mjini hawana. Mfuko wa mbolea ukipasuka, punje huingia kwenye kila ufa wa gari. Mbolea kama SA, CAN na urea hunyonya unyevu wa hewani. Zikilowa hutengeneza maji makali yanayokula chuma haraka kuliko maji ya mvua peke yake. Chumvi ya ng'ombe hufanya vivyo hivyo. Kuku wakilala garini, kinyesi chao nacho kinakula rangi na chuma.

Basi ukishashusha mbolea au chumvi, fagia kwanza pakiwa pakavu. Kisha mwaga maji mengi, mlango wa nyuma ukiwa wazi, hadi yatoke meupe. Kisha anika. Wengi hufanya kinyume, wanafunika ili "mbolea iliyobaki isilowe". Mbolea iliyobaki kwenye nyufa itaupata unyevu tu, hata chini ya turubai.

Mahali pa kulaza gari

Banda la gari si lazima liwe la bati na saruji. Nguzo 4 na paa la nyasi au makuti lenye mteremko mkali vinatosha. La muhimu ni pande zake ziwe wazi, isipokuwa ule upande unaoleta mvua ya upepo. Chini mwaga changarawe. Gari linalolala juu ya majani mabichi au udongo linapata mvuke kutoka chini usiku kucha. Usiweke magunia ya pumba karibu, maana panya wakija kula pumba watazaa ndani ya viti na kutafuna nyaya.

Likilowa sana, fanya hivi

Maji yakifika kwenye betri au nyaya, usijaribu kuwasha gari. Fungua kwanza ule waya wa betri ulioungwa kwenye mwili wa gari. Toa viti na mikeka. Futa maji kwa kitambaa, usingoje jua limalize kazi. Kausha vichwa vya nyaya na fyuzi, ondoa unga wa kijani kwa brashi, kisha paka mafuta mazito ya mgando. Turubai likunjue pembeni, upepo upite. Usiwashe moto ndani ya gari wala chini yake ili kulikausha. Pana mafuta hapo, na gari linaweza kuwaka.

Gari likikauka, kagua sakafu. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya bubu. Pakwangue, upake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Turudie kwa kifupi

Jioni ya siku ya mvua, dereva na utingo wafanye mambo matano kabla ya kwenda kula. Fungua mlango wa nyuma maji yatoke. Zibua matundu. Toa mikeka na viti vilivyolowa. Futa sakafu. Kisha funga turubai juu tu, ukiacha pembeni nafasi ya kiganja ili hewa ipite. Ni kazi ya robo saa.

Wale ndugu wa milimani sasa wameiandika kazi hiyo kwenye ubao wa ofisi yao, na kila juma mwanachama mmoja ana zamu ya kukagua pamoja na dereva. Nawe mkulima, kwenye mkutano ujao wa kikundi chako simama uulize: gari letu jana lililala kavu au lilifunikwa likiwa bichi? Ni swali dogo, lakini linaweza kuokoa fedha za mbegu zenu.

Kwa leo tuishie hapa. Kazi njema, na mvua ije kwa heri.