Nyika za Ngano za Kanada

Mashariki ya Milima ya Rocky, nchini Kanada, zimetandaa nyika tambarare zinazoingia katika majimbo matatu: Alberta, Saskatchewan na Manitoba. Leo ngano yake huuzwa duniani kote. Kabla ya ngano kulimwa, zilikuwa malisho ya nyati wa Amerika, na makao ya Wakrii, Wablackfoot na Wametisi.

Mwaka 1872 serikali ilipitisha sheria ya ardhi. Mlowezi alilipa dola 10 za kujiandikisha, akapimiwa ekari 160. Akiishi hapo miaka mitatu, akijenga nyumba na kulima sehemu ya shamba, alipata hati. Wanawake wengi waliachwa nje. Aliyekubaliwa kwa kawaida alikuwa mjane mwenye watoto.

Lakini shamba lililo mbali na soko halimlishi mtu, na kilichofungua nyika ni reli. Canadian Pacific ilikamilika tarehe 7 Novemba 1885, baada ya maelfu ya vibarua Wachina kupasua njia katika milima ya magharibi. Treni zikaleta Waukraini, Waaislandi, Wajerumani na Waingereza.

Miti ilikuwa adimu, hivyo wengi walijenga kwa ardhi yenyewe. Plau ilikata udongo pamoja na mizizi ya nyasi, vipande vikapangwa kama matofali. Nyumba hiyo ilihifadhi joto wakati wa baridi kali, ila mvua ikinyesha paa lilivuja matope, na liliendelea kudondosha hata nje kulipokauka.

Adui mwingine alikuwa jalidi, iliyoweza kuunguza ngano kabla haijakomaa. Charles Saunders, mtaalamu wa mbegu wa serikali, alichagua aina iitwayo Marquis, iliyoiva siku kadhaa mapema kuliko Red Fife ya zamani. Siku hizo chache ziliokoa mavuno.

Wakati wa kuvuna, miganda ilisimamishwa shambani ikauke. Kisha ikaja mashine ya kupuria, ikiendeshwa kwa mvuke, ikihama shamba hadi shamba na kundi la wafanyakazi. Wanawake waliamka kabla ya alfajiri kuwapikia wote. Nafaka ilipelekwa kwa mikokoteni hadi kwenye maghala marefu ya mbao kando ya reli. Wenye maghala walipendelewa kuliko wakulima katika ugawaji wa mabehewa. Mwaka 1902 wakulima wakamshitaki kwa upendeleo huo wakala wa reli wa mji mdogo wa Sintaluta, wakashinda.

Jasho la walowezi hao linastahili heshima. Hata hivyo, ardhi waliyogawiwa ilikuwa na wenyewe. Mikataba ya serikali ya 1871 hadi 1877 iliwasukuma wenyeji kwenye maeneo madogo ya hifadhi, huku nyati wakitoweka na njaa ikiingia. Waliogeukia kilimo nao walivuna ngano, lakini mgeni aliuza yake alivyotaka, ilhali mwenyeji alihitaji kibali cha ofisa wa serikali. Utajiri wa nyika hizi ulijengwa kwa bidii na kwa dhuluma, na anayeusimulia ana wajibu wa kuvitaja vyote viwili.