Kwa Nini Helikopta Hupita Bila Kushuka?



Katika mikutano yetu swali hili limerudi mara nyingi: mtu yuko taabuni, anapunga nguo, na helikopta inapita juu yake inakwenda zake. Je, rubani hana utu? Mimi pia niliuliza hivyo. Tulipokuwa tunakimbia, mama alipunga kitenge chake mpaka mkono ukachoka. Basi sikilizeni jambo lililotokea Marekani mwaka 2005.

Kimbunga Katrina kilipiga pwani tarehe 29 Agosti, maji yakaujaza mji wa New Orleans. Kesho yake helikopta mbili za jeshi la wanamaji ziliruka kutoka kituo cha Pensacola, Florida. Marubani walitumwa kupeleka chakula na maji kwenye vituo vya jeshi. Walipokwisha kushusha mizigo, walisikia kwa redio walinzi wa pwani wakitaka helikopta za kuokoa watu. Kituo chao kilikuwa mbali zaidi ya kilomita 160, redio haikifikii, hawakuweza kuomba ruhusa. Wakageuza kwenda New Orleans.

Mmoja alitua juu ya paa la jengo, wakapakiwa kwanza wanawake na watoto. Aliporudi kuchukua waliobaki, wakasema vipofu wawili bado wamo ndani, wameshindwa kupanda. Askari wawili wakaingia katika giza la jengo lile, wakawatafuta, wakawaongoza hadi juu. Kazi ile yote iliokoa watu 110.

Asubuhi marubani wakaitwa na mkubwa wao, wakakaripiwa. Kuokoa ni jambo jema, aliwaambia, lakini mmeiacha kazi mliyotumwa. Alikuwa na sababu: kituo kilikuwa na helikopta hizo mbili tu za kubeba mahitaji, na anayengoja maji ya kunywa naye yuko taabuni, ingawa rubani hamwoni. Kwa maoni yangu walifanya vema, maana mizigo ilikuwa imekwisha kufika. Kama ingekuwa bado imo ndani, sijui ningesema nini.

Tena si amri peke yake inayomzuia rubani. Mafuta yake yamepimwa ya kwenda na kurudi. Penye joto kali au mlimani hewa ni nyepesi, helikopta hubeba watu wachache. Nyaya na miti humnyima mahali pa kutua, na upepo wa mapanga yake hung'oa mabati na mahema.

Kwa hiyo pungeni tu. Aliyepita bila kushuka huenda anataja kwa redio mahali mlipo. Kama pana usalama, msihame upesi. Ikishuka, shikeni watoto, fungeni nguo na vitu vyepesi, mkae chini mpaka mwitwe kwa ishara. Mwendee kwa mbele, rubani akuone. Nyuma usipite kamwe: panga dogo la mkiani likizunguka halionekani.